Eunos Roadster gia nzito, rivasi inakwaruza, fundi anataka kushusha gia boksi: wajuzi njooni kabla sijakubali

#1 (mwenye uzi, Moshi)

Wakuu heshima kwenu. Niko Moshi, nina Eunos Roadster ya 1991 (ndio Mazda MX-5 hiyo), ile ya taa za kunyanyuka, injini 1.6, manyuali gia 5. Kabla sijaichukua ilikaa sana imepaki kwa mzee mmoja Usa River, kwaiyo nimeanza nayo taratibu, matairi, breki, rejeta, mikanda, injini sasa hivi iko safi haili oili wala haichemshi. Kilichobaki kinaninyima usingizi ni gia.

Iko hivi. Asubuhi nikiwasha namba moja inaingia kwa kulazimisha, namba mbili ndio kabisa, nasukuma liva inagoma njiani halafu inaingia kwa kishindo. Rivasi inalia krrrr hata nikikanyaga klachi mpaka chini. Nikishatembea, nikifika Boma Ng'ombe hivi, namba mbili inalainika, tatu nne tano zinaenda vizuri tu naanza kufurahia gari. Sasa nikiingia Arusha kwenye foleni, kuanzia Philips kwenda Mianzini, kanyaga achia kanyaga achia, ugumu unarudi na safari hii ni gia zote, kuna muda inabidi nizime injini ndio niingize namba moja halafu niwashe.

Fundi wa hapa mjini kaizungusha kidogo kasema sinkronaiza (zile pete za ndani zinazosaidia gia kuingia laini) zimekufa, tushushe gia boksi tufungue tubadilishe. Spea za hii gari mnajua zinavyopatikana, siyo IST hii, ukikosea umepaki miezi. Kuna mwenye ujuzi wa hizi gari, au hata Datsun za zamani, Celica, chochote cha manyuali? Nianzie wapi?

#2 (mdau wa Njiro)

Pole mangi. Usikubali kushusha gia boksi leo. Sisemi fundi wako hajui kazi, ila maelezo yako yenyewe yanaonyesha kuna shida zaidi ya moja zimekaa pamoja na ukishusha gia boksi bila kuzitenganisha utaifunga tena na rivasi bado itakwaruza.

Sikiliza hii vizuri maana ndio msingi wa kila kitu. Gia ikiwa ngumu, chanzo kipo sehemu moja kati ya hizi: liva yenyewe na pale inapokaa, oili ya gia, klachi kutoachia, au ndani kwenye sinkronaiza na fimbo za kuchagulia gia. Tatu za mwanzo unazifikia bila kushusha chochote. Ya nne ndio ya gharama. Sasa kwa nini watu wengi wanaanza na ya nne? Kwa sababu ukisikia krrrr unafikiri meno ya gia yanasagika, kumbe kelele hiyo hiyo inatoka klachi ikiwa inaburuza, yaani umekanyaga pedo lakini pleti haijaachana kabisa na fulaiwili, shafti ya kuingilia gia boksi inaendelea kuzunguka kidogo kidogo.

Fanya hivi kesho asubuhi gari ikiwa baridi, kabla hujawasha. Kaa kwenye siti, kanyaga klachi, pitisha gia zote moja mpaka tano na rivasi, polepole, sikiliza mkono wako. Zikiingia laini wakati injini imezimwa halafu ukiwasha zinakuwa nzito, hiyo ni klachi haiachii, maana klachi ndiyo iliyobadilika hapo. Zikiwa ngumu hata injini imezimwa, shida iko kwenye liva, oili au ndani, na klachi haihusiki na ugumu huo. Hicho kipimo hakina gharama na kinagawa tatizo katikati.

Halafu washa, acha injini iungurume yenyewe bila mafuta, kanyaga klachi mpaka chini ushikilie, hesabu taratibu mpaka tano, ndio uingize rivasi. Rivasi ya hii gari haina sinkronaiza kwaiyo haiwezi kukudanganya. Klachi ikiachia vizuri, ndani ya hizo sekunde shafti inakuwa imesimama na rivasi inaingia kimya. Ikikwaruza baada ya kusubiri, shafti bado inazungushwa na kitu.

Kingine, ikishakuwa nzito pale kwenye foleni, pampu pedo la klachi haraka haraka mara mbili tatu halafu jaribu gia. Ikiingia laini baada ya kupampu basi una upepo kwenye oili ya klachi au una sili (mpira wa kuzuia oili) inayopitisha. Mimi nikisikia mtu anasema inakuwa mbaya foleni na inapona barabarani naangalia masta (silinda ya juu, ya kwenye pedo) na silinda ya chini (ya kwenye gia boksi) kabla ya kitu kingine chochote.

Na ya mwisho ni ya barabarani, fanya eneo la wazi gari ikiwa imepata moto. Ukitoka tatu kushuka mbili, kanyaga klachi weka huru, achia klachi, gusa mafuta kidogo, kanyaga tena ndio uingize mbili. Wazee wa malori wanaijua hii. Ikiingia laini kwa namna hiyo lakini ukishusha kawaida inakwaruza, na wakati huo huo rivasi ukiwa umesimama inaingia kimya, hapo sasa sinkronaiza ya namba mbili ndio mtuhumiwa. Lakini angalia, sinkronaiza ikichoka inachoka ya gia moja au mbili, kwenye hizi gari mara nyingi ni ya pili. Wewe umesema foleni zinakuwa ngumu zote tano. Sinkronaiza zote haziwezi kufa kwa pamoja pale Philips na kufufuka ukitoka.

Halafu fungua boneti. Upande wa dereva kwenye ukuta wa injini kuna kikopo kidogo cha oili ya klachi, kipo peke yake siyo kile cha breki. Angalia rangi. Kama ni nyeusi tayari una nusu ya jibu. Kisha ingia chini, kwenye gia boksi upande wa kulia kuna silinda ndogo imefungwa kwa bolti mbili, ina kimpira cha vumbi mbele. Kivute hicho kimpira pembeni kidogo. Kikitoa umajimaji, silinda imeshakufa. Hii silinda ya chini ndio ugonjwa unaojulikana kabisa wa Roadster dunia nzima, gari iliyokaa muda mrefu ndio zaidi, maana oili inavuta unyevu, ndani ya silinda kunakula kutu, ukianza kuitumia kutu inakata sili.

Ukiingia chini weka stendi za kubebea gari, siyo jeki peke yake. Hapo sina utani na mtu.

#3 (fundi, Majengo Moshi)

Kaka wa Njiro umeeleza vizuri ila mimi nina neno. Nimefungua gari nyingi zilizokaa, na mara nyingi hizo silinda watu wanabadilisha zote mbili, juu na chini, rivasi inakwaruza vile vile. Kumbe ni ile bearing ndogo iliyoko katikati nyuma ya krenki, inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi, sisi tunaiita pailoti. Ikikauka inakamata, shafti inazunguka na injini hata klachi ikiwa imeachia kabisa. Au klachi pleti imeshika kutu kwenye meno ya shafti haitelezi. Zote hizo huwezi kuziona bila kushusha. Kwaiyo msimseme vibaya huyo fundi, inawezekana kuna kitu kasikia.

Kwanza huyu bwana aseme, akikanyaga klachi kuna mlio? Mlio ukija ukikanyaga ni rilizi bearing au pailoti. Mlio ukija ukiachia pedo gari ikiwa huru, hiyo ni bearing ya shafti ndani ya gia boksi.

#4 (mdau wa Njiro)

Fundi nakuunga mkono kwenye pailoti, ipo sana tu. Ila kuna njia ya kuitenganisha bila kushusha. Mmoja akanyage klachi ashikilie, mwingine awe chini anaangalia fimbo ya silinda inavyosukuma ule uma wa klachi. Fimbo ikisukuma kidogo tu, au ikisukuma vizuri halafu ikaanza kurudi polepole wakati pedo bado limekanyagwa, shida ni oili inapita kwenye sili, ya juu au ya chini. Fimbo ikisukuma vizuri na ikabaki pale pale, na rivasi bado inakwaruza, hapo nakubaliana na wewe kabisa, shida iko ndani, ishushwe. Ninachokataa ni kuanza na kushusha.

Na kwenye Roadster kuna sababu ya ziada ya kutokimbilia. Gia boksi yake haina maunti yake yenyewe, imeshikwa na lile fremu refu la aluminiamu linaloiunganisha na difu huko nyuma. Ukishusha gia boksi lazima ulifungue, na wakati wa kurudisha lina usawa wake wa kupimwa, likikaa vibaya gari inaanza kutetemeka ukiwa spidi. Fundi asiyelijua anafungua kama Hilux, anarudisha kama Hilux, halafu mnaanza kutafuta ugonjwa mwingine ambao haukuwepo.

#5 (mwenye 240Z, Arusha)

Nimefurahi kukuta uzi wa namna hii. Mimi ninayo Datsun 240Z ya mzee wangu, kwaiyo nachangia kwa upande wa hizo. Kwa vijana ambao hawajui, hii ndio gari iliyochukua Safari Rally 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudi kuchukua 1973 na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Mehta mzaliwa wa Uganda, baadae akaenda kushinda tena mwaka 1979 mpaka 1982 mfululizo, jumla mara tano. Wazee wa huku bado wanaizungumzia, ukipita nayo Clock Tower lazima mtu mzima akusimamishe.

Sasa kwenye gia. Yangu ilikuwa liva imelegea, unatafuta namba tatu unakutana na tano, na kuingiza ni kwa nguvu. Ukitikisa liva ikiwa kwenye gia inacheza mkono mzima. Kila mtu aliniambia gia boksi. Kumbe ni vibushi vya nailoni vilivyoko chini ya liva, vimesagika vimekuwa unga. Tumetengeneza vingine kwa fundi wa mashine ya kuchonga, gia zikarudi kuwa na heshima. Hakuna kilichofunguliwa ndani.

Nachotaka kumwambia mwenye uzi, kabla ya yote toa kile kitufe cha liva na kava lake utazame mipira iliyoko chini. Barabara zetu hizi ukitoka lami kidogo vumbi ni jingi, mpira ukichanika vumbi linaingia mpaka kwenye goti la liva na kusaga kila kitu.

#6 (mdau wa Njiro)

Mkuu wa 240Z umenikumbusha jambo ambalo kwenye Roadster ni kubwa kuliko hata kwenye Datsun. Liva ya Roadster inaingia moja kwa moja juu ya gia boksi, hakuna fimbo ndefu wala kebo, ndio maana ikiwa nzima inasikika fupi na kali vile, ndio raha ya hii gari yenyewe. Ila pale inapoingia kuna kikombe chenye oili yake, kimetenganishwa na oili ya gia boksi. Kinachukua kidogo sana, mililita 80 na kitu hivi. Hakuna anayekijua, fundi anamwaga oili ya gia boksi anaweka mpya anasema tayari, kile kikombe kinabaki kikavu miaka na miaka. Chini ya liva kuna kibushi cha plastiki, na kuna mipira miwili, mkubwa wa juu na mdogo wa chini. Ule mdogo ukichanika, oili inapotea, vumbi linaingia, na joto na kelele za chini zinakuja mpaka ndani ya gari. Ukisikia joto linakupiga kwenye goti karibu na liva, ujue mpira umeenda.

Mangi fanya vipimo utupe majibu hapa hapa, usiviruke.

#7 (mwenye uzi, Moshi)

Wakuu nimerudi, samahani kwa kuchelewa, nilitaka nifanye kwa utulivu.

Injini imezimwa, asubuhi baridi: gia zote zinaingia lakini zina uzito, siyo wa kugoma, ni kama liva inakokota kwenye kitu kigumu, hasa kwenda mbili. Ikishapata moto nikazima nikajaribu tena, uzito umepungua sana.

Rivasi injini ikiunguruma, nimesubiri nimehesabu, bado inakwaruza. Nikipampu klachi mara kadhaa halafu nikaingiza, imeingia kimya kabisa! Nimerudia na matokeo ni yale yale.

Kikopo cha klachi oili ni nyeusi, chini ya kikopo kuna matope matope. Kimpira cha silinda ya chini nilipokivuta imetiririka mpaka mkononi. Mdogo wangu amekanyaga pedo, fimbo ikasukuma ikaanza kurudi yenyewe polepole.

Fundi wa Majengo, mlio wa kukanyaga haupo, wa kuachia haupo.

Kushuka tatu kwenda mbili ikiwa na moto inaingia, ina ugumu kidogo ila haikwaruzi hata nisipofanya ile ya kugusa mafuta katikati.

Kava la liva nimetoa. Mpira mkubwa mzima, ule mdogo umekatika mzunguko wote, ndani ya kikombe hakuna oili, kuna tope kavu.

#8 (fundi, Majengo Moshi)

Basi hapo nimeshawishika. Ikipampuliwa inaingia kimya, pailoti imetoka kwenye orodha, maana pailoti iliyokamata haiwezi kupona kwa kupampu. Badilisha masta na silinda ya chini zote kwa pamoja. Ukibadilisha ya chini peke yake, presha mpya inakuja kuimaliza ile ya juu iliyochoka, baada ya muda mfupi unarudi pale pale.

Usinunue seti ya mipira tu kabla hujaona ndani. Toa silinda, safisha, ingiza kidole ndani upapase. Ukisikia vishimo vya kutu basi mipira mipya itakatwa tena, nunua silinda nzima. Ukinunua mipira nenda na silinda mkononi dukani, usiende na jina la gari tu, ukisema Eunos watakuletea ya Demio.

Na oili weka ya breki DOT 3 au DOT 4, hakuna kingine. Kuna watu wanaongezea hydrolic ya stelingi au oili yoyote iliyopo karibu, mipira inavimba, klachi inakwama kabisa na safari hii ukiwa barabarani.

#9 (mdau wa Njiro)

Safi sana, umefanya kazi ambayo wengi hawafanyi. Nakupa ninavyosoma majibu yako.

Una shida mbili tofauti na kila moja ina saa zake. Ya foleni na rivasi ni klachi kutoachia, chanzo ni silinda, hilo limeisha hakuna mjadala. Ya asubuhi ni tofauti, ipo hata injini imezimwa na inapungua na joto, hiyo ni kikombe kikavu pamoja na oili ya gia boksi. Kama ungebadilisha silinda peke yake ungesema bado asubuhi ni nzito, na fundi angesema nilikwambia sinkronaiza.

Sasa oili. Kwanza kabisa, kabla hujamwaga, legeza nati ya KUJAZIA, ile ya pembeni juu. Hakikisha inatoka. Ukimwaga kwanza halafu nati ya kujazia ikagoma kutoka, una gari isiyo na oili na huna pa kuijazia. Mwaga ikiwa ya moto. Weka chombo kisafi upate kuona kinachotoka. Nati ya chini ina sumaku, ukikuta tope laini la kijivu usiogope, hiyo ni kawaida ya umri. Ukikuta chembe za dhahabu dhahabu zinang'aa kwenye oili, hiyo ni shaba ya sinkronaiza. Ukikuta vipande vya chuma, hapo ndio tuzungumze habari ya kushusha.

Angalia pia uzito wa ile iliyotoka. Huku kwetu mafundi wengi wanaweka SAE 140 kwenye kila kitu maana ndio ya malori na inapatikana kila kona. Kwenye difu la Fuso sawa. Kwenye gia boksi ya Roadster asubuhi ya Julai hapa Arusha, tuko mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, baridi la alfajiri unalijua, 140 inakuwa nzito mno, ile pete ya sinkronaiza inashindwa kuipasua ili ikamate, ndio maana liva inagoma njiani. Wewe Moshi mko chini kidogo kuna joto lakini asubuhi ni asubuhi.

Mazda wenyewe wanataka 75W-90, lita 2. Kitabu kinakubali GL-4 na GL-5, yaani madaraja ya oili ya gia. Mimi nachagua GL-4 na nitakwambia kwa nini. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za kuzuia meno ya difu yasisagane, zile za salfa na fosforasi. Kwenye difu ndio zinahitajika. Kwenye gia boksi yenye pete za shaba, oili ikiteleza kupita kiasi pete inachelewa kukamata, na baadhi ya hizo dawa hasa za zamani zinakula shaba gia boksi ikipata joto. GL-4 ukiikosa, GL-5 isikutie hofu, kitabu kimeruhusu, ila ukiipata GL-4 chukua hiyo. Jaza mpaka ianze kudondoka kwenye tundu la kujazia gari ikiwa sawasawa, siyo imeinuliwa upande mmoja.

Kikombe cha liva, safisha tope lote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ziba katikati ili uchafu usidondokee ndani, weka kibushi kipya na mpira mdogo mpya, mimina hizo mililita 80 na kitu za oili hiyo hiyo. Ule mpira ukichelewa kufika usifunge na uliokatika ukajifariji, subiri ufike, maana vumbi la barabara moja tu ya Kibosho litairudisha kazi yote nyuma.

Kutoa upepo ni watu wawili. Kikopo kijae muda wote, anayekanyaga akanyage taratibu ashikilie, wa chini afungue nipo (ile skrubu ya kutolea upepo kwenye silinda) kidogo afunge, ndio pedo liachiwe. Mwanzoni pedo litabaki chini halirudi, linyanyue kwa mkono, siyo ugonjwa. Endelea mpaka oili itoke safi bila mapovu. Na ukimaliza cheki juu kwenye pedo, fimbo inayoingia kwenye masta lazima iwe na nafasi ndogo ya kucheza, ikibana masta hairudi yote na klachi itaanza kuslipu.

#10 (mwenye uzi, Moshi)

Wakuu sijui niwashukuruje. Spea zimechukua muda kufika ila kazi imefanyika, fundi ni yule yule wa mwanzo, nilimwonyesha huu uzi akasoma wote na amefanya kazi nzuri sana, nampa heshima yake.

Silinda ya chini ndani ilikuwa na vishimo vya kutu, masta ilikuwa na afadhali lakini tumeweka mpya zote. Oili ya gia boksi iliyotoka ilikuwa nzito kama uji wa dona, nyeusi, sumaku ina tope la kijivu tu, hakuna cha dhahabu wala chuma. Tumeweka 75W-90 GL-4. Kikombe tumesafisha, kibushi kipya, mpira mpya.

Rivasi inaingia kimya! Foleni ya Arusha nimekaa nayo kuanzia Kwa Mrefu mpaka Mianzini, gia zinaingia kwa vidole viwili, na lile joto kwenye goti limekwisha. Kutoka pale nikapanda mpaka Ngaramtoni bila sababu yoyote, nabadilisha gia tu, yaani ni gari nyingine.

Kilichobaki, asubuhi namba mbili bado ina ugumu kidogo kama kilomita moja mbili za mwanzo, baada ya hapo hamna. Haikwaruzi. Je niwe na wasiwasi?

#11 (mdau wa Njiro)

Hongera sana mangi, na hongera kwa fundi pia, mwambie namsalimu.

Namba mbili ya asubuhi iache. Hizo gia boksi ziko hivyo tangu zikiwa mpya, oili ikiwa baridi namba mbili inataka subira. Usiilazimishe, dakika za mwanzo badilisha taratibu, tulia kidogo kwenye huru kati ya moja na mbili halafu iingize. Na usikae umepaki ukiunguruma injini ukidhani unaipasha, injini ndio inapata moto, gia boksi inapata moto ukitembea.

Siku ikianza kukwaruza ikiwa na moto, au ikaanza kuruka yenyewe kutoka kwenye gia, hapo rudi tuongee sinkronaiza.

#12 (mdau mwingine, Arusha)

Wakuu na mimi naomba msaada humu humu, uzi umenifaa sana. Nina Toyota MR2 ile ya kwanza, AW11, injini iko nyuma. Gia nzito hata injini imezimwa, klachi nimefanya vipimo vyenu vyote iko poa. Ile haina liva juu ya gia boksi.

#13 (fundi, Majengo Moshi)

Hiyo ni ya kebo kaka. Liva iko mbele, gia boksi nyuma, katikati kuna kebo mbili, moja ya kwenda mbele na nyuma, moja ya kulia na kushoto. Zikizeeka zinashika kutu ndani ya ganda lake au ganda linakatika maji yanaingia.

Nenda kule kwenye gia boksi, toa zile pini, chomoa kebo zote mbili. Mwambie mtu akae ndani achezeshe liva: ikiwa nzito wakati kebo hazijaungwa na kitu, shida ni kebo au goti la liva. Ikiwa laini, shika ile mikono midogo ya kwenye gia boksi kwa mkono wako mwenyewe uisukume. Hiyo ikiwa ndio ngumu, angalia kwanza sili na kutu pale shafti inapotokea nje kabla ya kufikiria ndani. Na ukizichomoa weka alama ipi ya juu ipi ya chini. Fanya hivyo ulete majibu hapa, na utuambie oili iliyomo ni ya uzito gani.